MOTOKAA NYEUPE: POLISHI HULA, NTA HULINDA

Ukitoka Mnazi Mmoja, mjini Zanzibar, ukashika njia ya Kikwajuni, utayakuta majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Pita hapo asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, nawe utaona motokaa zimepangwa kando ya njia, na vijana wameinama juu yake na ndoo na vitambaa. Nyingi katika motokaa hizo ni nyeupe. Weupe wapendwa huku kwetu pwani, kwa kuwa haushiki joto sana kama weusi, wafaa arusini, na abiria huona gari jeupe kuwa ni gari safi.

Huenda msomaji wa shamba akauliza: "Mimi sina motokaa, haya yanihusu nini?" Yakuhusu, ndugu. Pengine mwanao ni dereva mjini. Pengine kijiji chenu kina gari moja la kupeleka wagonjwa hospitali, au ninyi jamaa watatu mmechanga fedha mkanunua kigari cha kubebea mazao. Hata mwenye pikipiki yamhusu, maana bati ni bati na rangi ni rangi. Tena iko hasara ambayo haiwapati wavivu, bali huwapata wenye bidii, nayo ndiyo tunayotaka kuisimulia leo.

BIDII ILIYOHARIBU

Tuchukue mfano wa baba mmoja wa Kikwajuni. Kwa miaka saba aliweka akiba kidogo kidogo, mpaka akaweza kununua motokaa nyeupe iliyokwisha tumika Japani, akawa anachukua abiria. Gari hilo ndilo lililolipa ada za shule, ndilo lililonunua mchele na dawa. Kazi ya kulitunza alipewa mwanawe, kijana wa miaka kumi na saba.

Kijana hakuwa mvivu hata kidogo. Kila wiki aliliosha gari, kisha akachukua kopo la dawa ya kusugulia, ile nzito yenye chembechembe mfano wa mchanga laini, akasugua boneti na milango mpaka jasho likamtoka. Gari likang'aa. Majirani wakamsifu, naye akazidi kusugua.

Mwaka wa pili, kwenye kona ya boneti na katika ukingo wa mlango, likatokea doa la kijivu. Kijana akadhani ni uchafu, akalisugua. Doa likapanuka. Akaongeza dawa na nguvu, nalo likapanuka zaidi. Ndipo baba alipolipeleka gari kwa fundi rangi, kijana akiwa pamoja naye.

"Shikamoo, ami," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nioneshe dawa unayotumia."

Kijana akalitoa kopo. Fundi akasoma maandishi yake, akapitisha kidole juu ya doa, akatikisa kichwa. "Hili si doa, mwanangu. Hii ni rangi ya chini. Ya juu umekwisha imaliza."

Baba akamgeukia mwanawe kwa hasira. "Nilikwambia ulitunze, sikukwambia ulile!"

"Usimgombeze, mzee mwenzangu," fundi akasema. "Huyu hakukosa bidii, alikosa wa kumwambia. Magari mengi nimeyaona yakiharibika kwa uvivu. Hili limeharibika kwa kazi."

Maneno hayo ya fundi ndiyo kiini cha habari yetu. Watu wengi hudhani polishi na nta ni kitu kimoja kwa kuwa zote mbili hung'arisha. Sivyo. Polishi huondoa, nta huongeza. Polishi hula rangi kidogo ili kuisawazisha, na nta huweka ngozi juu ya rangi ili kuilinda. Mtu asiyejua tofauti hiyo huweza kula kila wiki kitu ambacho hakirudi.

RANGI YA GARI NI NENE KADIRI GANI?

Rangi ya motokaa si tabaka moja. Juu ya bati iko dawa ya kuzuia kutu, juu yake praima, mara nyingi ya kijivu, na juu ya praima iko rangi yenyewe. Katika magari mengi ya tangu miaka ya 1980, juu ya rangi liko tabaka jingine lisilo na rangi, liangavu kama kioo, ambalo mafundi huliita kliya. Hilo ndilo linaloleta mng'aro, nalo ndilo linalokinga jua.

Sasa chukua ukurasa mmoja wa karatasi ya kawaida uushike kwa vidole. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Tabaka zote za rangi ya kiwandani, kutoka kwenye bati mpaka juu, kwa kawaida huwa na unene kama wa karatasi hiyo moja, au karatasi moja na nusu. Kliya peke yake ni kama nusu ya karatasi, au pungufu. Kwenye kona na kingo rangi huwa nyembamba zaidi, na kitambaa hukaza zaidi hapo. Ndiyo maana doa la kijivu lilianzia kwenye kona na ukingo.

Tena tusijidanganye kwamba fundi atairudisha kama ilivyokuwa. Rangi ya kiwandani hukaushwa katika tanuri kwa joto la kiasi cha nyuzi 140 za sentigredi, gari likiwa bado bati tupu. Ukiwa na viti, nyaya na plastiki ndani, huwezi kuliingiza gari katika joto hilo. Fundi mzuri atapaka vizuri, lakini rangi ya kwanza ikiisha imekwisha.

WEUPE HUFICHA

Mwenye gari jeusi huona kila mkwaruzo. Mwenye gari jeupe haoni, kwa kuwa mikwaruzo midogo haionekani sana katika weupe. Hiyo ni neema, lakini ni mtego pia. Ni neema kwa kuwa gari jeupe halihitaji kusuguliwa sana ili lionekane zuri, maana uzuri wake watoka katika usafi kuliko kusuguliwa. Ni mtego kwa kuwa rangi huweza kupungua, au nta ikaisha, na mwenye gari asitambue.

Weupe wenyewe watoka wapi? Watoka katika unga wa madini yaitwayo titaniamu. Madini hayo hayako mbali nasi. Huko Kwale, pwani ya Kenya, mchanga wenye titaniamu ulichimbwa na kupakiwa melini kwa miaka kama kumi, mpaka uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa mwaka 2024. Unga huo ni mweupe sana na haufifii upesi. Lakini una tabia moja: ukipigwa na jua kali pamoja na unyevu, husaidia kuila ile gundi inayoushika katika rangi. Viwanda siku hizi huuvika unga huo ngozi ya madini mengine ili kuipunguza tabia hiyo, lakini rangi nyeupe ya zamani, au iliyopakwa kwa bei rahisi bila kliya, mwishowe hutoa vumbi jeupe kama chaki. Ukiigusa, kidole chabaki cheupe.

Basi kabla hujanunua dawa yo yote, fanya jaribio hili. Osha sehemu ndogo ya gari, ikaushe, kisha isugue taratibu kwa polishi kidogo ukitumia kitambaa CHEUSI, maana kwenye kitambaa cheupe hutaona kitu. Kitambaa kikishika weupe, jua kwamba gari lako halina kliya, na kila unaposugua waondoa rangi yenyewe. Kitambaa kisiposhika weupe, yaelekea liko kliya. Hata hivyo usifurahi mno: kliya nayo hupungua, ila haioneshi.

MAADUI WA GARI KATIKA KISIWA CHETU

Unguja yazungukwa na bahari pande zote, na upepo hauachi kuvuma, uwe wa kaskazi au wa kusi. Upepo huo huleta chumvi. Chumvi huvuta unyevu hewani, ikakaa na maji yake juu ya bati usiku kucha. Penye rangi nzima haitoboi upesi, lakini penye tundu la jiwe, au ukingo uliosuguliwa mpaka bati, kutu huanza. Katika gari jeupe utaiona kama machozi ya kahawia yakichuruzika.

Adui wa pili ni vumbi. Ukitoka mjini kwenda mashamba wakutana na udongo mwekundu, ambao wenyeji huuita kinongo. Ukienda upande wa mashariki wakutana na vumbi la mawe ya matumbawe. Vumbi lo lote ukilipangusa kavu ni kama msasa.

Adui wa tatu yuko juu ya miti. Kunguru weusi wa Bara Hindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, wakazaana mno. Kinyesi cha ndege kikikaa juani, huitafuna rangi na kuacha alama ambayo haitoki kwa kuosha. Utomvu wa mwembe nao hukaza kama gundi. Kikwajuni, kama jina lake linavyoonesha, ni mahali palipoitwa kwa mkwaju, na kivuli cha mti ni kizuri kwa mtu. Lakini gari likilazwa chini ya mti, lapasa kutazamwa kila asubuhi.

Adui wa nne hatambulikani. Unapofunga breki, vipande vidogo vya chuma huruka, vikajichoma katika rangi, kisha vikapata kutu. Katika gari jeupe huonekana kama vidoa vidogo vya rangi ya chungwa, hasa karibu na magurudumu na nyuma. Wengi hudhani gari laoza, wakaanza kusugua kwa dawa kali. Iko dawa ya maji ya kuondolea chembe za chuma, ambayo hubadilika kuwa zambarau inapoigusa kutu hiyo. Huipuliza ukaiacha dakika chache kama maandishi yake yanavyoagiza, wala usiiache ikaukie hapo, kisha ukaisuuza kwa maji mengi. Harufu yake ni mbaya, lakini hailazimu kusugua.

Adui wa tano ni maji yenyewe. Maji ya visima vingi vya Unguja yapita katika mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi pia. Yakikauka juu ya gari yaacha duara nyeupe. Dawa yake ni kulikausha gari kwa kitambaa mara tu baada ya kuliosha, usiliache jua likaushe.

WAZEE WETU WALIJUA

Kulinda kitu kwa kukivika ngozi nyingine si elimu ngeni. Wazee wa pwani walipaka majahazi yao sifa, yaani mafuta ya papa, ili jua na chumvi visile mbao. Sehemu iliyokaa majini waliipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Kila baada ya muda chombo kilipandishwa pwani, kikakwanguliwa na kupakwa upya. Hakuna nahodha aliyesema, "Nilipaka mwaka juzi, yatosha."

Hali kadhalika nyumba za Mji Mkongwe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, na juu hupakwa chokaa nyepesi. Mvua ya masika huila chokaa hiyo pole pole, na kwa sababu huliwa yenyewe, ukuta hauliwi. Kisha hupakwa nyingine. Waliobandika saruji ngumu juu ya kuta hizo wakidhani wamemaliza kazi waliufungia unyevu ndani, na ukuta ukaharibika chini ya saruji.

Hapo yamo mafunzo mawili. La kwanza: kinga ni kitu cha kuliwa badala ya mali, basi yataka kurudishwa. La pili: usifunge uchafu au unyevu chini ya kinga ngumu. Tukiyashika hayo mawili, kuchagua dawa ya gari hakutatushinda.

KWANZA KUOSHA

Mikwaruzo mingi haitokani na miiba wala na watoto, bali hutokana na kuosha vibaya. Osha gari likiwa kivulini na bati likiwa limepoa. Mwagia maji kwanza mpaka vumbi liondoke lenyewe. Uwe na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi garini. Anza juu ushuke chini, na kitambaa cha magurudumu kisiguse bodi.

Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye nguo. Ni kali, huondoa nta yote uliyoipaka. Tumia shampuu ya magari, kwa kipimo kilichoandikwa. Usitumie limau wala ukwaju. Ukwaju wafaa sana kung'arisha sinia za shaba, lakini ukali wake haufai kwa rangi ya gari. Na mafuta ya taa au dizeli, ambayo wengine huyapaka kwenye matairi ili yawe meusi, huuharibu mpira.

Baada ya kuosha, vika mkono wako karatasi nyembamba ya nailoni, kama ile inayofungia nguo mpya, upapase rangi. Ukihisi laini kama kioo, vema. Ukihisi punje punje, uko uchafu uliojichoma. Huo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya bati lililoloweshwa maji ya sabuni. Udongo huo ukianguka chini utupe, maana umeshika mchanga.

KUCHAGUA POLISHI

Polishi zatofautiana kwa ukali. Ziko za kukata, ambazo ni kama msasa katika kopo. Ziko za kati. Na ziko laini za kumalizia. Kanuni ni moja: anza na iliyo laini kuliko zote. Ijaribu mahali padogo, kama kiganja, upande usioonekana sana. Ikitosha, usiende kwenye kali zaidi.

Kwa gari jeupe linalotunzwa vizuri, polishi laini mara moja kwa mwaka yatosha, na pengine isihitajike kabisa. Dawa ya kukata ni ya kuondolea mkwaruzo mmoja au alama ya kinyesi cha ndege iliyoingia, tena mahali pale pale tu, si gari zima. Gari lililotoa chaki lataka polishi ya kati mara moja ili kuondoa rangi iliyokufa, kisha kinga papo hapo. Usipoweka kinga, chaki itarudi.

Jihadhari na mashine za kusugulia katika mkono usiojifunza. Mashine inayozunguka kwa kasi huweza kumaliza ukingo kwa nukta chache. Afadhali mkono na subira. Kingo na kona zibandike utepe wa karatasi kabla ya kuanza.

Ziko pia dawa za mchanganyiko, zenye polishi laini na nta pamoja. Kwa mtu mwenye gari jeupe la kazi, asiye na muda mwingi, hizo zafaa, kwa kuwa husafisha na kulinda mara moja. Lakini asisahau kwamba imo polishi ndani yake, basi isiwe ya kila wiki.

KUCHAGUA KINGA

Kinga ziko za namna tatu, na kila moja ina mtu wake.

Ya kwanza ni nta. Nta ijulikanayo sana kwa magari yaitwa karnauba, nayo hutoka katika majani ya mti wa jamii ya mnazi uotao kaskazini-mashariki ya Brazili. Ni ngumu kuliko nta ya nyuki. Nta ya nyuki huyeyuka kwa nyuzi 62 hivi, na karnauba hushinda nyuzi 80. Ndiyo maana hatushauri mfugaji wa nyuki kusugua nta yake garini hivi hivi: jua la mchana huilainisha, ikashika vumbi. Karnauba hupakwa kwa urahisi na huleta mng'aro mzuri, lakini kwa jua na mvua za kwetu hudumu mwezi mmoja au miwili. Nta nyingine zina rangi ya manjano. Usiogope, ukipaka nyembamba na kufuta vema haichafui weupe. Yafaa kwa mtu apendaye kulishughulikia gari lake mara kwa mara.

Ya pili ni kinga iliyotengenezwa viwandani, ambayo mafundi huiita silanti. Hudumu miezi minne hadi sita kama inavyoandikwa, na katika jua letu huenda ikapungua. Haina manjano, nayo huufanya weupe uonekane safi. Kwa gari la abiria hapa Unguja, au gari la kijijini litembealo vumbini, hii ndiyo tunayoiona kuwa na faida kuliko nyingine: kazi ya saa mbili, mara tatu au nne kwa mwaka.

Ya tatu ni seramiki, maji yanayokauka yakawa ngozi ngumu ya jamii ya kioo. Huweza kudumu mwaka mmoja, miwili, au zaidi. Sifa zake ni za kweli, lakini na tuseme ukweli wote. Ni ghali. Yataka rangi iliyosafishwa kabisa kwanza, maana uchafu uliofungiwa chini yake utakaa humo, kama ule unyevu wa nyuma ya saruji. Yataka mahali pakavu pasipo vumbi, na gari lisilowe kwa siku nzima au zaidi baada ya kupakwa. Unene wake ni mdogo mno, basi haizuii jiwe wala msumari. Na maji ya chokaa yakikaukia juu yake huacha alama vile vile. Anayeambiwa kwamba baada ya seramiki hana haja ya kuosha, adanganywa.

Jambo moja la kuangalia katika gari jeupe: nta au silanti ikipakwa haionekani, na mtu husahau alipofika. Paka sehemu moja moja kwa mistari inayopandana kidogo, na inama uitazame kwa upande, si kwa kuikabili. Paka nyembamba, kupaka nene ni kupoteza dawa. Funika mpira na plastiki nyeusi, maana nta ikikaukia hapo huacha weupe usiotoka upesi.

USISAHAU CHINI

Mtu huweza kung'arisha boneti kila wiki, na huku gari linaliwa chini. Chumvi ya bahari na tope hukaa ndani ya madigadi na kwenye chesisi, wala nta ya juu haisaidii huko. Aliyepita njia ya ufukweni, au aliyeshusha gari mpaka mchangani kuwafuata wavuvi, alisuuze chini siku hiyo hiyo kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Tena anayenunua gari lililotumika nje alilale chini alitazame kabla hajatoa fedha, maana nchi zenye theluji humwaga chumvi barabarani, na gari huja na kutu yake.

Palipochubuka na jiwe paguse kwa rangi ya kopo dogo, hata kama si rangi ile ile sawasawa. Nukta mbaya ya rangi ni afadhali kuliko nukta ya kutu.

KALENDA YA MWENYE GARI JEUPE

Ili msomaji apate kukumbuka, haya ndiyo ya kukata na kubandika ukutani:

1. Kila asubuhi: ondoa kinyesi cha ndege na utomvu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, pasipo kusugua.

2. Kila wiki: osha kivulini kwa ndoo mbili, na kausha kwa kitambaa laini.

3. Kabla ya masika, yaani kufikia mwanzo wa Machi: paka kinga. Rudia baada ya masika, mwezi wa Juni, na tena kabla ya vuli, mwezi wa Septemba. Mwenye nta ya karnauba apake kila mwezi au miwili.

4. Mara moja kwa mwaka: pima kwa karatasi ya nailoni, ondoa chembe za chuma, na kama ipo haja tu, tumia polishi laini.

5. Wakati wote: maji yakiacha kujikusanya kama matone juu ya boneti, yakatandaa, jua kwamba kinga imeisha.

Na yule baba wa mfano wetu? Alilipa kupakwa upya boneti na milango miwili, na mwezi huo nyumba ilikula kwa kubana. Hakumnyang'anya mwanawe kazi. Siku ya kulichukua gari, fundi aliwaita wote wawili, akaweka makopo mawili juu ya meza.

"Hili hula," akasema akilishika la kwanza, "na hili hulinda. La kula limpe baba alifungie kabatini, na ukilihitaji umwombe. La kulinda kaa nalo wewe."

Kijana akacheka, baba naye akacheka. Tangu siku hiyo kijana hufanya kazi pungufu ya ile ya zamani, na gari halijaota doa jingine. Nawe msomaji, ukimpa mwanao kitu cha kutunza, usimpe kopo kabla hujamsomea maandishi yake.